Kengele ya Tano

Jumamosi tulipiga kengele za kanisa letu la kijijini Marlcombe, kuwakaribisha wageni wa siku ya majengo ya kale. Kanisa lina miaka mia saba, intaneti ina miwili, na kati ya hivyo viwili kinachofanya kazi bila kukatika ni kanisa.

Kabla ya kupiga, kila kengele huvutwa mpaka isimame mdomo juu. Mkimaliza, mnaishusha taratibu. Ukiiacha juu na mtu akavuta kamba, nusu tani ya shaba inapinduka na kamba inamrusha mpaka darini.

"Tamsin, kengele yako, ya tano, umeishusha?" aliuliza Bi Hester, kiongozi wa wapigaji, tulipokutana chini ya mnara.

"Nimeishusha, Bi Hester!" nilijibu, mguu mmoja nje.

Sikuwa nimeishusha. Basi la mjini hupita mara mbili tu kwa siku.

Kituoni rafiki yangu Imogen alinicheka. "Mbona unahema hivyo? Umeiba keki ya kasisi?"

"Afadhali ningeiba. Nimemdanganya Bi Hester. Lakini mnara umefungwa, nani atagusa kamba?"

Basi lilikuwa linavuka daraja la mawe likija kituoni, Imogen alipofungua simu yake. Kicheko kikamkauka. "Tam, tazama. Kundi la kijiji. Wamefungua mnara kwa watoto."

Katika picha, wa kwanza mlangoni alikuwa mdogo wangu Barnaby, mwenye miaka sita na mikono isiyojua kutulia.

Nilimpigia Bi Hester. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Basi likafungua mlango.

"Unapanda au unakipamba kituo tu?" dereva aliuliza.

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

Nililipita duka, nikaipita baa, nikaruka ukuta wa makaburi. Ngazi za mnara ni hamsini na tatu, nyembamba, na zinazunguka. Katikati nikasikia sauti ya Barnaby: "Hii dada yangu huivuta. Tazameni!"

"Barnaby, usiguse! Kengele iko juu! Niliiacha juu!"

Nilipoingia, Bi Hester alikuwa amemdaka mkono. Vidole vya mtoto vilikuwa vimebakiza shibiri moja kufika kwenye kamba. Wageni kumi na wawili walinikodolea macho.

"Nilikudanganya, Bi Hester," nikasema mbele yao wote.

Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa. Aliwatoa watu wote, akanipa kamba. Nikaishusha kengele, yeye akisimama kando, mpaka iliponyamaza.

"Kusahau ningekusamehe hapo hapo," alisema mwishoni. "Kila mpigaji amewahi kusahau. Lakini sikupanda chumba cha juu kuikagua kengele, kwa sababu wewe ulisema imeshuka. Nilimleta Barnaby humu kwa neno lako, Tamsin. Ukisema uongo mdogo, hujui ni mtoto wa nani atakayeulipia."