Sanamu Isiyo na Mdomo

Nimezunguka bandari nyingi za ziwa hili na kudanganya katika zote, ila hili la rafiki yangu Alimasi, mchongaji wa Rumonge, silitii chumvi.

Mjerumani wa boma aliandaa maonyesho ya vinyago ukumbini mwake. Hata kinu cha kutwangia cha Mwasiti, mke wa Alimasi, kiliwekwa mezani, wazungu wakikizunguka mikono mgongoni kana kwamba ni bibi harusi. Watu wazima hao!

Katikati ilisimama sanamu ya mtu, aliyoichonga Alimasi kwa mti wa msitu wa Kigwena. Haikuwa na mdomo, kwani kwa wachongaji wa huko kuupasua ni mwiko.

"Kesho wageni wa meli wanafika," Mjerumani akamfokea Alimasi. "Weka mdomo, ama viboko ishirini na tano!"

"Usimuguse, baba Sikujua," Mwasiti akamsihi mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Iko gogo tu, mama Sikujua. Mwenye mgongo ni mimi."

Adhuhuri Alimasi akaingia ukumbini na kisu chake. Madirisha yalifungwa kuzuia jua, giza tii. Akaupapasa uso ule, akainua kisu. Kabla hakijagusa, akasikia karibu kabisa: kwaru, kwaru, chuma kikila mti. Kisha kimya.

Akakimbilia dirisha, akalisukuma. Sanamu ilikuwa na mdomo, umepasuliwa vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza. Sakafuni hapakuwa na hata banzi moja.

Akataka kupiga kelele, akakabwa na kitu kilichomjaa mdomoni. Akatema kiganjani: mabanzi ya mti, mabichi bado.