Kamba Kwenye Kapu la Nguo Chafu

Kila Jumamosi mjukuu wangu Ofelia humsaidia mama yake, Renata, kuosha kamba za uokoaji kwenye gereji yetu hapa Sombrilla, Arizona. Renata ni mwokoaji wa kujitolea milimani. Helikopta inapomvuta majeruhi juu, kamba nyembamba ya njano hufungwa kwenye machela, na mtu aliye chini hushika ncha ya pili. Bila kamba hiyo, upepo wa pangaboi huweza kuizungusha machela kama pia.

Mimi nayajua hayo kwa mwili wangu. Mwaka jana niliteleza nikichuma matunda ya mpungate, nikavunjika nyonga. Wakati wa kunivuta kamba ilikatika, nikazunguka mpaka nikazirai. Tanner, anayesoma darasa moja na Ofelia, alinipiga video, akatia muziki wa sarakasi, akaiita "Bibi Pia". Shuleni, Ofelia akipita, watoto walijizungusha na kuanguka kwa kicheko. Hakulia. Aliniambia tu kwamba siku ya Tanner itakuja.

Ikaja. Tanner alianguka kwenye korongo nyuma ya mji, akavunjika mguu. Renata alipokimbilia gereji kuchukua vifaa, kamba ya njano haikuwepo. Alipekua kila mfuko, na nje gari la wenzake likapiga honi. Ofelia alikuwa nami jikoni, mimi nikichagua maharage. Alishika simu tayari kupiga video, akitabasamu tabasamu ambalo sikulipenda.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Sio sasa, bibi."

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Nilipozunguka mwaka jana, alizirai mmoja. Nikizunguka leo, watazirai wawili."

"Machela. Lakini kwa nini wawili?"

"Huyo mvulana ana hofu, hatulii. Nimemsikia mama yako akiongea na wenzake. Mama yako ataning'inia naye kwenye waya uleule wa helikopta."

Tabasamu likamtoka. Akatumbukiza mkono kwenye kapu la nguo chafu lililokuwa kando ya mlango, akaivuta kamba ya njano, akakimbia nayo pekupeku hadi garini. Renata aliipokea, na jicho alilomtupia lilisema wataongea jioni.

Tulitazama kutoka uani. Machela ilipanda imetulia, Renata kando yake, kamba ya njano ikiwa imekazwa kutoka chini. Ofelia alipiga video yote, kisha akamtumia Tanner peke yake, na maneno haya: "Umeona hukuzunguka? Kamba niliificha, nikaitoa kwa ajili ya mama. Usinishukuru."

Alipotoka hospitali, Tanner alikuja kwa magongo, masikio yamemwiva kwa aibu. Video yake alikuwa ameifuta. Akaniomba msamaha.

"Mwambie azunguke kwanza," Ofelia akanong'ona.

Siku hiyo Ofelia alikuwa akitumikia adhabu ya mama yake: kuosha kamba zote peke yake. Nikamketisha Tanner karibu naye, nikampa brashi.

"Kukasirika ruksa," nikawaambia. "Mkitaka nuneni mpaka Krismasi. Lakini kifaa kinachoshika uhai wa mtu hakichezewi, si kwa kicheko, si kwa kisasi. Ukimzungusha adui yako, hujui ni nani mwingine anayening'inia naye."

Wakaitikia wote wawili. Kisha Ofelia akachagua kamba iliyojaa tope kuliko zote, akamsogezea Tanner.