Sentensi Mbichi

Kikombe hakikuanguka. Kilikuwa kimetulia juu ya mashine ya kutolea kopi, mahali pake pa kila siku, mara kikapasuka katikati kama boga lililozidi kuiva, na chai ikatiririka juu ya barua za watu.

Mwenye kikombe alikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya ghorofa ya kwanza, mwanamke wa miaka arobaini kasoro. Mtandaoni, watu elfu nne walimjua kwa jina moja tu: Kamusi. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi la kusaidiana Kiingereza. Watu walimletea sentensi zilizowashinda, za barua za kazi, za vibandiko vya dawa, za ujumbe wa wachumba walio mbali, naye akawafafanulia. Kujua alijua, hilo hakuna wa kumnyima. Lakini ulimi wake ulikuwa wembe. Ukikosea neno moja, alikuanika mbele ya kadamnasi mpaka ukatamani ardhi ikumeze.

Aliyekatwa zaidi na wembe huo ni fundi viatu mmoja aliyefanyia kazi ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha lake. Kila asubuhi alimwinulia mkono, "Umeamkaje, mwalimu wetu?" Na kila wiki aliuliza swali kundini, akajibiwa, "Wewe gonga misumari. Lugha waachie wenye vichwa." Fundi akaandika, "Asante, mwalimu, nitajitahidi." Na kwa kweli alikuwa anajitahidi.

Sasa, dakika moja kabla ya kikombe kupasuka, swali la mtu mgeni lilikuwa limeingia kundini. Hakuwa na picha wala jina, ila nukta tatu. "Naombeni msaada. Sentensi hii ina maana gani, na imekaa sawa?" Kilikuwa Kiingereza kibovu cha aina ambayo Kamusi hajawahi kuiona, kwa kuwa kitenzi chake hakikuwa na wakati wowote. Ni kama mtu aseme kwa Kiswahili: kikombe pasuka.

Kamusi alicheka peke yake. "Hata mtoto wa chekechea anajua," aliandika. "Sema kikombe kimepasuka. Tendo limekamilika. Rudi shule." Akatuma, na hapo ndipo akasikia mpasuko. Ofisi nzima ikanuka unyoya uliochomwa.

Kesho yake mgeni alileta nyingine: mlango funguka. Kamusi akainyoosha, akatukana kidogo, akaendelea na kazi. Jioni alimkuta mama yake amesimama kwenye ujia wa nyumba, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ulirudi mchana?"

"Sikurudi, mama. Nirudi kufanya nini?"

"Basi nani anafungua mlango?" Mama alinong'ona, macho yakiwa mlangoni. "Nimeufunga mara tatu. Nikiupa kisogo tu, uko wazi."

Kamusi alisema ni kitasa. Akakikaza kwa bisibisi, akalala. Siku ya tatu sentensi ikasema: mgeni kaa kitini. Safari hii vidole vyake vilisita. Lakini kosa lilikuwa pale, limemkodolea macho, na yeye kupita kosa bila kulinyoosha hakuweza, kama wengine wasivyoweza kupita kioo bila kujitazama. "Mgeni amekaa," aliandika. "Maana yake alikaa na bado yupo."

Aliporudi nyumbani, mama alikuwa jikoni, amejibanza nyuma ya mlango, shuka kichwani saa kumi na moja ya jua kali.

"Usiingie sebuleni," mama alisema. "Kuna mtu kwenye kiti cha baba yako."

Kamusi alichungulia. Kitini hapakuwa na mtu. Lakini mto wa kiti ulikuwa umebonyea kwa uzito, na alipokuwa akiutazama ulibonyea zaidi upande mmoja, kama anavyofanya mtu anayegeuka kuona nani kaja, na ile harufu ya unyoya ikamjia usoni ikiwa na joto la pumzi, na kutoka pale kitini ikasikika sauti nyembamba ikisoma polepole, herufi kwa herufi, kama mwanafunzi anayefuatisha maandishi kwa kidole: a-me-ka-a. A-me-ka-a.

Walilala kwa jirani. Asubuhi Kamusi alikwenda na mama yake kwa mwanamke mmoja aliyesifika kwa kutoa majini, mtu mzima mwenye pumu na maneno machache, akamkuta anapiga pasi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuiweka pasi chini.

"Hana wakati huyo," mganga alisema. "Kwake jana na kesho ni kitu kimoja, kwa hiyo hawezi kutenda lolote. Anakuletea neno bichi, wewe unamwivishia. Umemwambia kimepasuka, kimepasuka. Umemwambia amekaa, amekaa. Nani mwingine angemfundisha bure hivyo?"

"Nifanye nini, bibi?"

"Mnyime. Akiuliza, nyamaza. Akikosa wa kumjibu siku saba, ataondoka mwenyewe." Kisha akauliza, "Huko unakojibu, uko peke yako?"

"Tuko elfu nne."

Mganga akaiweka pasi pembeni. Alimfunga mama hirizi mkononi, akawarudisha nyumbani.

Siku nne Kamusi alinyamaza, ameomba ruhusa kazini ili akae na mama. Alilitafuta jina la nukta tatu katika orodha ya wanakundi ili alifute, halikuwemo. Siku ya tano, saa nne asubuhi, mama akiwa ukumbini amekaa kwenye kigoda chake anachambua mboga, simu ikatetemeka. "Naombeni msaada. Bibi kizee acha kupumua. Je, ni ataacha, anaacha, au ameacha?"

Kamusi alifuta swali. Likarudi. Akafuta tena, likarudi na majibu mawili chini yake. Akaandika haraka, "Tafadhali msijibu swali hili. Nawaomba, ndugu zangu."

Ndugu zangu! Tangu lini? Kundi lilipasuka kwa kicheko. Watu aliowaaibisha miaka yote walijitokeza kama kumbikumbi. "Kamusi leo kashindwa!" "Mwenye kichwa, kichwa kimekwenda wapi?" Na kila mmoja akatupa jibu lake.

Mmoja aliandika ataacha, na mama akaliachia tawi la mboga, akaweka mkono kifuani.

"Mwanangu, hewa imekuwa nzito."

Watatu wakaandika anaacha, na pumzi ya mama ikaanza kukatika, ndefu, fupi, fupi, midomo ikibadilika rangi. Kamusi akampigia magoti, mkono mmoja umemshika mama shingoni na mwingine unaandika, anafuta, anaandika, herufi zikimkimbia, akawaapia kwamba jibu ni hajaacha, bibi kizee hajaacha kupumua, hilo ndilo jibu pekee, yeye ndiye Kamusi na yeye ndiye asemaye. Na palepale kifua cha mama kikapanda, akavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani, akamtazama mwanawe, akataka kusema kitu.

Kisha fundi viatu akaandika. Alichukua muda, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri.

"Samahani, mwalimu wetu. Sentensi haina neno la kukanusha, kwa hiyo hajaacha haiwezekani. Na kwa kuwa halikutajwa lini, naona tendo limeshakamilika. Jibu ni ameacha. Nimepatia?"

Mia mbili wakamuunga mkono kabla Kamusi hajamaliza kuandika kwamba amekosea. Aliandika amekosea, amekosea, amekosea. Hakuna aliyemsoma. Mkono wake ulikuwa bado shingoni mwa mama, na chini ya vidole vyake mshipa uligonga mara moja, ukangoja, haukugonga tena.

Walimzika siku hiyohiyo. Fundi viatu alikuja mazikoni kwa shati lililopigwa pasi, akabeba jeneza upande wa mbele, akalia. "Pole sana, dada," alimwambia. "Mama ni mama." Hakujua kitu, maskini wa watu. Kamusi alijua kwamba hajui. Alimtazama mdomoni alipokuwa akisema.

Mganga alifukiza nyumba, akasema ndani hamna kitu tena. Baada ya siku kumi Kamusi alirudi kazini. Alifungua dirisha, akafungua kundi, na yule wa nukta tatu alikuwa anamngoja.

"Naombeni msaada. Msichana wa begi la kijani rudi kutoka shule hapana. Je, ni hajarudi, au hatarudi?"

Ni wachache mno waliomjua msichana huyo. Kamusi alimjua. Kila siku saa tisa alipita chini ya dirisha lake, soksi zimeshuka, begi la kijani limemzidi mgongo, akaenda kukaa karibu na baba yake fundi mpaka viatu vya mwisho vishonwe. Saa ya ukutani ilionyesha nane na dakika hamsini.

Aliandika: hajarudi. Neno zuri hilo, lenye mlango wazi. Asiyerudi bado anaweza kurudi. Alilitazama. Ng'ambo ya barabara fundi alikuwa anaimba kwa mluzi, nyundo mkononi, mama yake mzazi yuko hai nyumbani anamwandalia chakula.

Kamusi alifuta. Akaandika upya, taratibu, kwa adabu, pamoja na maelezo ya kanuni ili asiwepo wa kubisha: hatarudi. Akatuma. Ofisi ikanuka unyoya.

Jibu la kwanza lilikuwa la fundi. "Asante sana, mwalimu. Leo umetufafanulia bila kututukana. Mungu akufariji."

Kamusi aliinua macho. Fundi alikuwa amesimama kule chini, simu mkononi, anampungia dirishani huku akitabasamu. Kisha akaweka simu mfukoni, akaondoa nyundo na makopo ya gundi kwenye kistuli kilichokuwa kando yake, akakipangusa kwa kiganja, akageuka kutazama njia ya shule.