Macho Aliyoyatia Adelina

Mabinti zangu, na wewe uliyeposwa juzi, sogeeni. Siku hiyo soko la Buguruni limefurika, Shani, paka wa Adelina, aliruka kutoka kikapuni akakimbilia kibanda kilichotundikwa picha: mbwa wa buluu, kasuku mwenye mkia wa dhahabu, mbuzi mwekundu kama pilipili.

"Paka wako kaja kuchorwa," alisema mwenye kibanda, Fakihi, shati limejaa matone ya rangi. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za Wazungu. Mabaki ya rangi ndiyo aliyochorea wanyama wa watu kwenye vipande vya bati.

"Shani hana hela," Adelina alicheka, akinyoosha gauni la maua alilolishona mwenyewe.

"Basi mama yake alipe kwa kurudi kesho."

"Mwanamume huna haya wewe!"

Kesho yake akarudi. Picha ya Shani ilikuwa tayari, rangi ya embe bivu, ila haina macho. Fakihi aliyatia mwisho, paka akiwa mbele yake.

"Macho hayachorwi kwa kukumbuka, fundi wangu wa nguo," alimwambia Adelina. " Ukikumbuka, unatia ya mwingine."

Wakapendana. Ila kila Adelina aliposema, "Nichore na mie, mpenzi," Fakihi aliinamisha kichwa.

"Wewe nakutazama. Inatosha."

Jumamosi moja Adelina alimtangulia chumbani kwake Temeke, na Shani kikapuni. Ukutani nyuma ya mlango palining'inia kitambaa cheusi. Akakifunua. Picha ya mwanamke mwenye gauni la kijani, kapakata paka; uso mzuri, macho meupe, matupu.

Kumbe ndiyo maana mie hanichori!

Hakuuliza. Mabinti, hapo ndipo alipokosea: hakuuliza. Alichukua brashi na kioo cha Fakihi cha kunyolea, akajitazama, akatia macho yake kwenye uso wa yule mwanamke.

"Haya, sasa mtazame. Utaniona mie."

Fakihi aliingia, akaitazama picha. "Anjelina!"

"Anjelina ndiye nani?"

"Mchumba wangu. Homa ilimchukua kabla sijatia macho." Akaketi chini. "Adelina, umefanya nini?"

Adelina alilia, akaomba radhi. Fakihi akampangusa machozi, akamsamehe, na wiki ileile akapeleka posa. Nyumbani kwa Adelina wakapiga vigelegele.

Lakini picha haikufunikwa tena.

"Leo umependeza," Fakihi alisema siku moja.

"Ahsante, mpenzi," Adelina alijibu, kisha akaona mwenzake anatazama ukutani. Akajitazama kwenye kile kioo. Macho yake yalikuwa yamefifia kama kanga iliyofuliwa mno. Yale ya ukutani yaling'aa.

Alivumilia mwezi mzima. Mwisho akaja mchana kweupe na Shani kikapuni, barua ya posa mkononi; akamwachia paka, akaiweka barua juu ya meza.

"Baki naye, Fakihi."

"Usiniache tena, Anjeli..." Fakihi akaziba mdomo wake kwa kiganja chenye rangi.

Adelina alifungua kikapu. "Shani, twende kwetu, mwanangu."

Paka alikuwa ameketi chini ya picha, kainua kichwa.

"Shani!"

Paka akalia taratibu, vile alivyozoea kumwitikia mama yake. Ila aliitikia akiwa bado anatazama ukutani.

Adelina aliondoka na kikapu kitupu.