Uso wa Vitone

Jumatatu saa mbili asubuhi, fremu moja ilikutwa tupu kwenye ghala la jumba la sanaa, mjini Fort Worth. Iliyotoweka ni karatasi yenye uso wa malaika, iliyochorwa miaka mia tano iliyopita kwa ajili ya kuandaa mchoro mkubwa wa ukutani katika ukumbi wa baraza la mji mmoja wa Italia. Sakafuni palikuwa na unga mweusi. Kathure, mpelelezi wa jumba hilo, aliugusa kwa kidole. Ulikuwa wa makaa.

Mkurugenzi alikuwa ameshajipatia mwizi wake: Kipngeno, mlinzi wa wikendi, ambaye kwenye buti ya gari lake kulikutwa mfuko wa makaa.

"Ni ya nyama choma, madam," Kipngeno alisema. "Jumamosi asubuhi kabla ya shift tulikuwa na birthday ya mtoto. Wakinifuta, nita-explain nini kwa mama watoto?"

Kathure alimwonyesha picha ya mchoro kwenye simu. Mistari yote ya uso ilikuwa imetobolewa kwa sindano. "Hivi vitundu ni vya nini?"

"Si ni wadudu wamekula?"

Kathure akajua si yeye. Vitundu vile alivitoboa mchoraji mwenyewe. Karatasi iliwekwa ukutani, ikagongwagongwa kwa kifuko cha unga wa makaa, na uso ukabaki ukutani kwa vitone. Aliyemwaga unga ule alilijua hilo.

Akamwita Nazaire, Mrundi mpole ambaye kazi yake ilikuwa kubeba michoro na kushika ufunguo wa ghala. Akamuuliza swali lilelile.

"Vya kupitisha unga, dada. Ijumaa mtaalamu aliwaeleza wageni, mimi nikiwa nimeshika fremu." Kisha akazificha kucha zake. Zilikuwa nyeusi.

"Twende kwako," Kathure alisema.

Nyumbani kwa Nazaire walimkuta mkewe ameketi kitandani. Ukutani juu yake, uso wa vitone ulimtazama Kathure. Mchoro wenyewe ulikuwa kabatini, umefungwa kwa kitenge kisafi.

"Ni Belyse wetu," Nazaire alisema. "Alifia njiani tukikimbilia Tanzania, ana miaka tisa. Hatuna picha yake hata moja. Mke wangu alikuwa analia kwamba sura ya mtoto inampotea. Ijumaa nilipoubeba huu mchoro, nikamwona mwanangu. Jioni nikauchukua, na unga niliokuwa nao mfukoni ukamwagika. Ningeurudisha leo, mkaniwahi."

Kathure alimhurumia kweli, lakini Kipngeno naye alikuwa na watoto. Akapiga simu polisi.

Nazaire alipotoka kuwangoja nje, mkewe, Marie-Goretti, alibaki kitandani, ameupa ukuta kisogo.

"Dada, nifutie huo uso."

"Kwa nini, mama?"

"Si Belyse. Nilishindwa kumwambia baba yake, alikuwa na furaha sana. Siku mbili nimeutazama. Sasa nikifumba macho namwona huyu tu. Mtoto wangu haji tena."

Kathure aliupiga picha ukuta kwa ajili ya polisi, akalowesha kitambaa. Vitone vilitoka upesi. Marie-Goretti akafumba macho, akangoja.