Mteja wa Nne

"Yule mteja wako kaja leo," mama alisema, pini zikiwa zimebanwa midomoni. "Mrefu! Mpaka nimepanda kwenye kigoda kumpima mabega."

Binti yake alikuwa mlangoni anavua viatu. "Mteja wangu yupi, mama?"

"Si yule uliyemhoji kwa ajili ya huo mradi wenu. Kasema, 'Binti yako aliniuliza shida yangu.' Ana adabu zake, maskini. Ila mikono ile sijui alizaliwaje. Futi imeisha sijafika hata kwenye kiganja."

Binti akabaki na kiatu kimoja mkononi. Hakuwa amemtuma mtu yeyote dukani. Na mtu mrefu mwenye mikono ya namna hiyo alimjua vizuri sana, kwa sababu alimtunga yeye mwenyewe, kitandani, huku akitafuna karanga.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kusomea mifumo ya taarifa wala kupata vidonda vya tumbo kwa ajili yake. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapewi shahada kwa kukaa darasani tu. Anatafuta mahali penye kazi halisi, anawauliza watu wa hapo shida zao, anaziandika kama mahitaji ya watumiaji, msimamizi anazitia sahihi, ndipo anatengeneza mfumo wa kompyuta wa kuzitimiza. Mwisho anaandika ripoti nene na kuitetea mbele ya jopo. Binti huyu, ambaye mtaani walimwita Profesa tangu alipoanza kuwatengenezea simu zao, hakwenda mbali. Alichagua duka la mama yake, chumba kimoja chenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni, ambamo vipimo vya wateja viliandikwa kwenye vipande vya maboksi na kupotea kila mara. Mama alikuwa amemsomesha kwa mguu wake ule ule wa kukanyagia cherehani. Mradi ukikataliwa ni kurudia mwaka, na mguu wa mama ulikwisha kuchoka.

Msimamizi wake, wanafunzi walimpachika jina la Futa. Hakuna ukurasa uliopita mikononi mwake bila yeye kusema, "Futa hii, na hii nayo futa." Mahojiano ya Profesa aliyarudisha siku ile ile.

"Wateja watatu," alisema, "na wote wanasema mama yako ni fundi mzuri. Huu ni uchambuzi au barua ya mapenzi? Niletee mwingine kesho asubuhi, mwenye shida ya kweli."

Angeweza kwenda dukani akasimama mlangoni, akamsubiri mtu. Badala yake alijilaza akamtunga. Tusimwonee, karibu kila mtu darasani kwake alikuwa na mhojiwa wake mmoja wa kubuni. Ila wenzake walibuni watu wa kawaida, na yeye alitaka Futa akose cha kufuta. Kwa hiyo alimpa mteja wake wa nne urefu wa kupita kiasi na mikono mirefu, ili nguo za madukani zisimtoshe. Akaandika kwamba huja jua likishazama. Akaandika swali, "Ungependa mfumo ukufanyie nini?" na chini yake jibu: "Nipimwe upya kila nikija, maana mwili wangu haukai. Na fundi nikishampata, asishonee mtu mwingine." Akacheka peke yake. Alipoweka nukta ya mwisho alisikia kitu kama mtu anayevuta pumzi karibu na sikio lake, akadhani ni feni.

Futa alisoma akichezesha mguu kwa furaha. "Huyu ndiye mtumiaji! Huyu ana shida!" Akatia sahihi bila kufuta hata nukta.

Na sasa mtumiaji alikuwa amefika.

"Usoni alikuwaje?" binti aliuliza.

Mama akatoa pini mdomoni, akafikiri. "Usoni..." Akacheka kidogo, kama aliyesahau alikoweka miwani. "Unajua sikumbuki? Nilikuwa naangalia futi."

Profesa alijipa moyo kwamba ni mchezo wa mwanafunzi mwenzake aliyesoma ripoti yake, na darasani walikuwepo wenye urefu wa kijinga wa kutosha. Asubuhi alifungua mfumo, aliokuwa ameshautengeneza na kuuweka kwenye kompyuta kuukuu pale dukani. Mama alikuwa amemwingiza mteja vizuri kama alivyofundishwa: shingo, kifua, kiuno, mikono. Binti akaenda kuchemsha chai. Aliporudi vipimo vyote vilikuwa vimebadilika, na hakuna mtu aliyeigusa kompyuta. Kiuno kilikuwa chembamba kuliko shingo. Akamfuta mteja yule chapuchapu. Jioni akamkuta yumo tena.

"Wewe ndiye uliyemfuta?" mama alifoka, na si kawaida yake kufoka. "Mtu kasimama hapa kupimwa kuanzia mwanzo tena! Usirudie."

Tangu siku hiyo duka likaanza kunuka kitambaa kilichoungua. Pasi ilikuwa ya baridi, waya umechomolewa, lakini harufu ilikuwepo, na ilizidi jua lilipokaribia kuzama. Mama akaanza kuwarudisha wateja wake. Bibi harusi wa jirani alirudishiwa kitambaa chake hakijaguswa. Mwalimu wa shule ya msingi, mteja wa miaka mingi, alifungiwa mlango usoni. Mama alikata, akashona, akafumua, akakata tena, maana kila nguo aliyoimaliza haikumtosha yule mteja aliporudi. Chakula alikisukuma pembeni. Nyama za mashavu zikamwisha. Na alipolala, mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga godoro, taratibu, bila kusimama, tap, tap, tap, na binti alilala kitanda cha pili akijiziba masikio kwa mto na kulia.

Siku moja binti aliamua kumwona mteja huyo. Alijificha dukani nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, simu mkononi, akiwa amekula kiapo kwamba akimtambua mwanafunzi mwenzake atamtia adabu mbele ya mtaa mzima. Mwanga wa nje ukapungua. Harufu ya kuungua ikaja, nzito, ikamkaa kooni, na cherehani ya mama ikanyamaza, na mlango haukulia ingawa mlango ule ulilia hata ukisukumwa na upepo, na akamsikia mama akisema "Karibu, karibu ndani," kwa sauti ya mtoto mdogo anayeogopa kuchapwa, kisha akasikia kigoda kikiburutwa, na futi ikivutwa, ikivutwa, mkwaruzo mwembamba wa futi juu ya kitu kikavu ambacho hakikuwa nguo, ukipanda kuelekea dari na kuteremka tena na kupita sakafuni hadi karibu kabisa na pazia, na chini ya pindo la pazia akaviona vidole, virefu, vimelala chali kwenye sementi vikisubiri kupimwa, na ingawa alikuwa amejikaza asitoe hata pumzi, kimoja kikajikunja taratibu kumwelekea.

"Mtumiaji ameridhika," sauti ikasema juu kabisa, karibu na taa. "Mwambie binti."

Alipozinduka alikuwa sakafuni na mama anamwagia maji usoni huku akimgombeza kwa kumtia aibu mbele ya mteja.

Mama mdogo, aliyekuwa akiuza vitambaa kwenye soko la mtaa wa pili, hakuhitaji maelezo mengi. Alimwangalia dada yake mara moja tu, akamshika Profesa mkono hadi kwa mganga. Binti alitegemea mafuvu na moshi. Alimkuta mwanamke wa makamo mwenye miwani, anamenya vitunguu kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaeni." Akaendelea kumenya, akisikiliza hadithi. Binti alipofika kwenye mahojiano kisu kikasimama. "Ngoja. Ulimuuliza shida yake?"

"Sikumuuliza mtu, mama. Nilimtunga."

"Ulishona nguo tu, mwanangu. Aliyekuwa uchi kaivaa." Mganga alishusha sauti. "Hawa wanapita kati yetu siku zote, na hakuna anayewauliza chochote. Wewe umeuliza, umeandika jibu, umeahidi kulitimiza, na mkubwa wako katia sahihi. Jini aliyevamia nina dawa yake. Huyu amealikwa."

Mama mdogo akaanza kulia. "Tufanyeje? Dada yangu anakwisha."

"Aliyemwita amkatae. Na aliyemkubali kwa sahihi amkatae. Mbele ya watu, kwa sauti. Mmoja akikataa peke yake, mlango uko wazi bado."

"Nikisema hivyo mbele ya jopo, shahada ndiyo basi," Profesa alinong'ona.

"Ndiyo basi," mganga alikubali. "Na usiposema, mama yako atashona mpaka azikwe."

Wakarudi nyumbani. Binti alikuwa amekwisha kuamua, na uamuzi haukumpa amani yoyote. Alimwonea mama huruma, na alijionea huruma yeye pia, kwa miaka yote ile.

Siku ya utetezi alivaa sketi aliyoshonewa na mama kabla ya mambo haya. Jopo lilikaa nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti katikati, Futa pembeni akiwa amechana nywele. Wanafunzi wenzake walijaa nyuma. Alieleza tatizo, akaeleza mbinu, na alipofika kwenye ukurasa wa mahitaji ya watumiaji alizima mashine ya kuonyeshea kurasa ukutani.

"Mteja wa nne hayupo," alisema. "Sikumhoji. Nilimtunga nikiwa nyumbani. Namkataa mbele yenu wote."

Mwenyekiti akavua miwani. "Unaelewa unachokisema?"

"Naelewa, Mwalimu. Nipeni adhabu yoyote. Lakini namwomba msimamizi wangu naye amkatae." Akamgeukia Futa, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote wale. "Mwalimu, tafadhali. Umetufutia kila kitu miaka yote. Mfute na huyu."

Kwa mara ya kwanza tangu chuo kimjue, Futa alikataa kufuta.

"Jopo mniwie radhi," alisema taratibu. "Binti kachoka, hajalala. Mimi sitii sahihi mtu asiyekuwepo. Huyo bwana alikuja mwenyewe ofisini kwangu kunishukuru, jioni moja. Tukakaa, tukaongea. Muungwana sana."

"Usoni alikuwaje, Mwalimu?"

Futa akafungua mdomo. Akabaki hivyo, kama mtu anayetafuta jina lililo kwenye ncha ya ulimi, na kijasho chembamba kikamtoka kwenye paji la uso.

"Mrefu," alisema mwishowe.

Wanafunzi wakacheka. Hata mwenyekiti alitabasamu. Binti akapiga magoti, akasihi, akaapa kwamba amedanganya, mpaka kicheko kikageuka kero na mwenyekiti akamwonya kwamba akiendelea atatolewa nje. Mahojiano yamehakikiwa, alisema; uchambuzi wa mahitaji ni bora kuliko wowote waliousoma mwaka huo. Wakampa alama za juu. Aliitupa shahada miguuni pao, nao wakaiokota, wakaipangusa vumbi, wakamrudishia mkononi huku wakimpigia makofi.

Alikimbia hadi dukani akijua atakachokikuta, na hakukikuta.

Mama alikuwa amekaa nje juani. Alikuwa anakula mkate kwa chai, kipande kikubwa, makombo yamejaa kifuani. Macho yake yalikuwa yamerudi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umetulia kabisa.

"Profesa! Umefaulu!" Akamrukia, akamkumbatia hadi chai ikamwagika.

"Nani kakwambia, mama?"

"Mteja. Kaja mchana kweupe leo. Kasema kazi yangu imetosha, nipumzike, hanihitaji tena. Nimelala, mwanangu! Nimelala mpaka nimejisikia nakoroma." Alimvuta ndani. Duka lilinukia hewa safi. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cheusi kilichokunjwa vizuri, kipya, kizito. "Na kakuletea hiki. Cha joho lako la mahafali, nikushonee mimi mwenyewe. Kasema siku utakayolivaa ndiyo atakuja kukuchukua, ana kazi kubwa anataka umfanyie. Ajira kabla ya mahafali! Nani mtaani kapata hiyo?"

Binti akakigusa kitambaa. Kilikuwa na joto.

"Na nikikataa kulivaa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi nami nilimtania hivyo hivyo!" Mama alicheka, akaivuta futi shingoni. "Nikamwambia huyu wangu mkaidi, akikataa je? Kasema basi, fundi arudi kwenye cherehani. Mcheshi kweli. Haya, simama vizuri."

Binti alimtazama mama yake, mashavu yake yaliyoanza kupata damu, makombo ya mkate kwenye kola, furaha aliyokuwa hajaiona usoni mwake tangu mwaka uanze. Akaweka begi chini, akasimama wima mbele yake, akanyoosha mikono apimwe.