Ukuta Usiokauka

Chokaa ya vyumba vyote ilikauka isipokuwa ya chumba cha nyuma, na jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote ila Mama Bonge, kwa sababu chumba cha nyuma ndicho alicholala yeye na mwanawe.

"Chokaa ni kama bibi harusi," fundi alimwambia, ndoo mkononi, anacheka. "Haiharakishwi. Unainywesha maji asubuhi, unainywesha jioni, siku moja yenyewe inasema imetosha."

"Mbona niliacha kuinywesha zamani, fundi? Hebu iguse."

Fundi akaigusa. Kiganja kilitoka kimelowa. Alikifuta kwenye suruali, akacheka tena, safari hii kifupi, akasema labda kuna bomba limepasuka. Upande ule wa nyumba hakukuwa na bomba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mume, kongwe kuliko kikongwe yeyote wa mtaa ule, kuta nene kama za gereza, na paa lililovuja hata mawingu yakipita tu. Mama mkwe ndiye aliyeihangaikia ruzuku ya serikali ya kuhifadhi majengo ya kale. Alipanda na kushuka ngazi za ofisi mpaka soli za viatu zikalika, na siku ruzuku ilipokubaliwa alipiga vigelegele peke yake katikati ya barabara, magari yanampigia honi. Sharti lilikuwa moja, na Bwana Afisa wa majengo ya kale alilirudia kila alipokuja: nyumba irudi kama ilivyokuwa. Kila kitu. Dirisha lililozibwa lizibuliwe. Saruji itolewe yote, maana saruji huikaba nyumba ya chokaa, na kuta za zamani, alisema huku akizipapasa kama anapapasa ng'ombe wa mnadani, zinatakiwa zipumue.

Saruji ilikuwa mahali pamoja tu, chumba cha nyuma, ukuta wa ndani, kipande chenye kimo cha mtu aliyeketi. Ilikuwa imebandikwa ovyo, alama za vidole bado zinaonekana, kana kwamba aliyeziba alikuwa anakimbizwa. Bwana Afisa alileta picha ya zamani inayoonyesha shubaka pale, uwazi mpana wenye upinde uliochimbwa ndani ya ukuta. "Uzuri wote huu mmeufukia!" akasema. Fundi akapasua. Ndani hamkuwa na kitu. Ulitoka ubaridi tu, na harufu ya maziwa yaliyolala.

Sasa huyo Bonge jina lake lilikuwa la utani. Alizaliwa kadogo, hana mashavu, miguu kama vijiti vya kiberiti, shangazi yake akasema haya Bonge, karibu duniani, na jina likaganda. Mama yake alikuwa anamnyonyesha kila akifumbua macho, kwa hofu tu. Basi shubaka lilipomaliza kupakwa chokaa mpya, maziwa yake yakakatika. Hayakupungua, yalikatika. Akanywa uji, akanywa supu, akajikamua mpaka machozi ndiyo yakatoka badala ya maziwa. Na mtoto hakulia. Hapo ndipo penyewe. Mtoto asiyenyonya angeiangusha nyumba kwa kilio, lakini Bonge alilala, akaamka, akacheua, akalala tena, na siku zilivyokwenda mashavu yakatokeza, shingo ikapata mikunjo, jina likaanza kumkaa.

"Mtoto ananona, wewe unalalamika," mama mkwe alimwambia. "Wenzako wanaomba kwa Mungu usiku na mchana."

"Ananonea nini, mama? Maziwa sina."

"Unayo. Ninyi mliosoma mnajua kila kitu isipokuwa miili yenu."

"Basi mpakate mwenyewe, mama. Mzito kama tofali. Halafu wa baridi."

Mama mkwe alirudisha mikono nyuma ya mgongo. Na Mama Bonge, akiwa amesimama pale na mtoto amemnyoosha mbele kama sahani, ndipo alipogundua kuwa tangu shubaka lizibuliwe bibi hajampakata mjukuu wake hata mara moja.

Alimweleza mumewe. Mume alikuwa mtu mwema, mwenye ugonjwa mmoja tu, kumwogopa mama yake. "Vumilia kidogo, mke wangu," alinong'ona, ingawa walikuwa wawili tu chumbani. "Awamu ya mwisho ya ruzuku ndiyo ya paa. Tukiwaudhi sasa hivi tutalala chini ya mvua."

"Kwa nini unanong'ona?"

Mume akatazama shubaka. "Hata sijui."

Siku iliyofuata jua lilikuwa la utosi, jua ambalo hata kivuli kinajificha. Mama Bonge alimlaza mtoto kitandani, akamzungushia mito pande zote, akatoka uani kuanika nepi. Alikuwa bado na kibanio mdomoni aliposikia sauti, ndogo, laini, ya kumeza, sauti anayoijua kila mwanamke aliyewahi kunyonyesha, ile ya mtoto akivuta, akimeza, akipumua kwa pua, akivuta tena, na akaangalia kifua chake mwenyewe kama mjinga, kana kwamba mtoto angekuwepo pale, kisha akaiacha kamba na nepi zikaanguka mchangani naye akaingia ndani, na korido ya nyumba ile ambayo kila siku aliivuka bila kufikiri ilikuwa imekuwa ndefu, na kuta za pande mbili zilikuwa zinatoka kidogo na kurudi kidogo, zinatoka na kurudi, zinapumua jamani, kama alivyotaka Bwana Afisa, na harufu ya maziwa ilikuwa nzito kiasi kwamba aliihisi kwenye ulimi, na alipofika mlangoni mito ilikuwa mahali pake, hakuna hata mmoja uliosogea, na kitanda kilikuwa kitupu.

Bonge alikuwa ndani ya shubaka. Hakuwa amelala chini. Alikuwa ameelea hewani kidogo, ameegama ubavu, kichwa kimeinuliwa kama kimeshikwa kwenye kiwiko cha mkono, macho yamefumba, mdomo unafanya kazi. Na ukuta nyuma yake ulikuwa unatiririka.

Alimnyakua. Kitu kilimvuta upande wa pili, si kwa nguvu, kwa wivu tu, halafu kikaachia.

Mganga aliletwa na mama mzazi wa Mama Bonge, ambaye aliposikia habari hakuuliza swali. Alikuwa mwanamke mfupi wa raba miguuni na mfuko wa plastiki, na hakuvuka kizingiti cha chumba. Alinusa tu.

"Nani aliziba hapa mara ya kwanza?"

Mama mkwe akawa anaukunja ukingo wa nguo yake.

"Nauliza tena, mama. Mimi sina siku nzima."

"Baba mkwe wangu," mama mkwe akasema mwishowe, sauti imekauka. "Kwa mikono yake, bila mwiko. Nilikuwa na mtoto kabla ya huyu baba yake Bonge. Hakuwahi kulia. Alinona, akanona... Siku tuliyomzika, wanaume wanne walibeba jeneza la mtoto mchanga na walipumzika njiani."

"Mama!" mume akapaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Ulijua?"

"Miaka yote ile huyo wa ukutani amefungiwa! Nilidhani kiu imemuua! Na paa linaanguka, ulitaka nifanye nini, nikalale sokoni?"

Mganga akatikisa kichwa. "Huyu hataki damu wala kafara. Anataka kulea. Maziwa hana, ndiyo maana anayachukua ya mwenzake."

"Mfukuze," Mama Bonge akasema. "Mfukuze leo."

"Binti, anayefukuzwa ni mgeni. Mwenye nyumba utamfukuza aende wapi? Hapa ni kumzibia kwa saruji, sasa hivi, nikimshika humo ndani kwa maneno."

Fundi hakucheka. Alikoroga saruji uani mbio mbio, mganga akaanza kusoma mlangoni kwa sauti ya chini, ukuta ukaanza kutetemeka kama ngozi ya mnyama anayefukuza nzi, na mwiko wa kwanza ulikuwa ndiyo kwanza umeshika kwenye upinde Bwana Afisa alipoingia na wakaguzi wake wawili.

"Nini hii? Saruji? Mna wazimu ninyi?"

"Bwana, kuna mtoto," mume akaanza.

"Kuna sheria! Jengo hili limeshatangazwa. Atakayeziba hapo atashtakiwa, ruzuku yote mtairudisha, na nyumba itachukuliwa. Toa hiyo saruji."

Fundi akamtazama mume. Mume akamtazama mama yake. Na mama mkwe, Mungu amlipe anachostahili, akachukua kitambaa akaifuta saruji mbichi kwenye upinde, taratibu, kama anayefuta meza kabla wageni hawajaketi. Mganga akanyamaza katikati ya neno. Akafunga mfuko wake.

Mama Bonge hakungoja kusikia zaidi. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka bila viatu, mama yake mzazi nyuma yake, na uzito wa mtoto ulimkunja kiuno njia nzima.

Kwa mama yake ilikuwa nyumba ya matofali ya saruji, vyumba viwili, mpya, haina hadithi yoyote. Alilala. Alikula. Alipoamka blauzi ilikuwa imelowa kifuani, na alipogundua ni maziwa yake mwenyewe alicheka kwa sauti mpaka mama yake akaja kuangalia. Simu ikalia wakati huohuo.

"Mke wangu!" Mume alikuwa na furaha ya kitoto. "Rudi nyumbani. Ukuta umekauka! Mkavu kama mfupa, harufu hakuna, mama ameweka hata kiti humo chumbani. Umekauka palepale ulipotoka mlangoni. Unasikia? Ulipotoka tu."

Alisikia. Akaishusha simu polepole. Akamchukua Bonge, akaketi ukingoni mwa kitanda, akampa ziwa lililojaa mpaka linauma.

Bonge akageuza uso. Alikuwa ameshiba. Kwenye kona ya mdomo alikuwa na tone jeupe, mama yake akalifuta kwa kidole, na tone likagandia kidoleni, likawa gumu, likapasuka kama chokaa kuukuu. Mtoto akacheua. Kisha akamtazama mtu aliyekuwa nyuma ya bega la mama yake, akanyoosha mikono, akatabasamu kama watoto wanavyotabasamu wakimwona mama.